Mataya ya vaisi yametoka kijivu tupu, nataka rangi zile za kale

FundiKibuye:
Wadau habarini. Marehemu mzee wangu aliniachia vaisi (ile ya kubania vyuma mezani) aliyotumia miaka yote hapa Kisumu, mataya yalikuwa yameisha meno nikachonga mapya kwa flatiba, yaani chuma bapa, ya kawaida. Sasa nataka yawe magumu na pia yapate zile rangi za mawingu, buluu na kahawia, kama fremu ya bastola ya Colt ya 1873. Jumamosi nilijaza mkebe makaa ya kupondwa na mifupa ya kwa bucha, nikaweka kwa moto unaopulizwa na blowa masaa mawili, nikatoa taya na koleo nikatumbukiza kwa ndoo. Tupa inateleza tu juu yake, kwa hivyo ugumu upo. Lakini rangi hakuna na taya moja limepinda, ukililaza kwa kioo unaona mwanga chini yake. Nimekosea wapi?

MotoNakuru:
Pole bro. Kutoa na koleo ndiko kulikomaliza rangi. Chuma chekundu kikiguswa na hewa hata sekunde mbili kinashika magamba ya kijivu, imeisha hiyo. Leta mdomo wa mkebe mpaka karibu uguse maji, fungua, pindua kila kitu, makaa na mifupa na chuma vishuke pamoja. Na maji yawe na mapovu ya hewa kutoka chini, pampu ndogo ya samaki inatosha, hayo mapovu ndiyo yanachora mawingu.

Mifupa uliichoma kwanza? Chemsha mafuta yatoke yote, kisha ichome kwa mkebe uliofunikwa hadi iwe nyeusi. Ikiwa nyeupe hiyo ni jivu, kaboni imeshaenda, tupa. Ponda kama punje za mahindi, changanya nusu kwa nusu na makaa.

Fundi_Kakamega:
Hapo kwa moto pia kuna shida ndugu, blowa ilizidi. Joto jingi linapindisha chuma na kuua rangi. Mimi sina kipima joto, nafanya hivi: kando ya mkebe naweka waya mpya wa kufungia vyuma vya ujenzi na punje chache za chumvi ya jikoni juu ya kipande cha chuma. Waya ukikataa kushikwa na sumaku umefika kama nyuzi 770 za Selsiasi, chumvi ikianza kuyeyuka umefika 801, punguza moto. Kaa katikati ya hizo mbili na usiwe na haraka. Taya lishuke majini kwa ubavu, lisilale bapa.

Kabla ya hapo lisugue ling'ae kabisa, lioshe kwa sabuni, ukishalikausha usiliguse na mkono mtupu. Nimewahi kutoa kipande kizuri sana kikiwa na alama ya dole gumba langu katikati, iliniuma.

MotoNakuru:
Nisisahau, mkebe usitoke kwa paipu au bati lenye zinki, moshi wake ni mbaya kifuani. Kifuniko kizibe na udongo lakini acha kitundu, na kila kitu kiwe kikavu. Kazi ni ya nje, watoto mbali.

Mama_Welda:
Kwa vaisi ya kazi mimi ningetafuta ugumu wa ndani kwanza, nyuzi 900 hivi kwa masaa kadhaa, uache kipoe ndani ya mkebe, usugue, halafu ndio urudie moto mdogo wa rangi. Uso wa taya rangi itasuguliwa na vyuma unavyobana, pembeni ndipo zitakaa. Paka vanishi safi hapo kwa sababu jua nalo linazififisha.

FundiKibuye:
Asanteni sana. Lile lililopinda nimelipasha likapoa polepole kwa jivu, nikalinyoosha, jana nikarudia na mifupa nyeusi na waya na chumvi. Kona moja imetoka buluu ya usiku inayoingia kwa rangi ya majani makavu, upande wa pili bado kijivu, nadhani mapovu hayakufika huko. Jumapili nasogeza pampu nichome la pili.