AMEIKALIA KOMPYUTA YANGU MBELE ZA WATU!! Fundi wa Mwanga, wenyewe mnamjua

Binti_Gungu:
Wakuu, ndiyo kwanza naingia ndani, hata viatu sijavua, mikono inatetemeka. Jina simtaji. Watu wa Kigoma wote mnamjua. Yule wa pale Mwanga, redio yake haizimwi, ukimwita fundi anakurekebisha umwite injinia. Huyo huyo.

AMEIKALIA. Kompyuta yangu. Kaikalia kwa makalio yake yote mawili.

Mnajua mimi nahariri video za harusi. Mashine yangu ni hizi za mtumba za maofisini, prosesa i5 ya kizazi cha tatu, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 4 GB. Ukiipa sendofu moja iimeze, mpaka imalize bibi harusi ana wajukuu. Nikajibana, nikampa kazi bwana mkubwa: aongeze RAM ifike 16, aweke SSD, ile diski ya kasi, afunge na kadi ya grafiki, GTX 1060, niliyoiagiza Dar ikaja na treni. Hela ya RAM na ya ufundi kachukua yote kabla hajashika bisibisi.

Nafika nyumbani, nawasha. Taa inawaka, feni zinazunguka, mlio pii pii pii, monita nyeusi tii. Nikaibeba nikairudisha. Namkuta anakula ugali na mgebuka, watu wamejaa kibandani wanasubiri simu zao. Hakuichomeka kwenye umeme. HAKUICHOMEKA! Kaitazama tu, tonge mdomoni, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni: "Dada'angu, hii siyo kompyuta tena, hii ni stuli." Akailaza ubavu kwa mguu, akaikalia, akaendelea kumega.

Watu walicheka. Kile kicheko kilivuka ziwa, Kalemie wamekisikia. Na mimi nimesimama na mkoba wangu begani, mwanaume wa kilo mia na ushee yuko juu ya GTX yangu, ANATIKISA MGUU.

Nina bibi harusi Kasulu anataka video yake Jumamosi. Nimwambie nini? Kwamba harusi yake imekaliwa?

Mgebuka_Mkavu:
"Harusi yake imekaliwa" hahahaha! Nimecheka mpaka mtoto kaamka. Pole dada, ila nimecheka.

Stesheni_Kwetu:
Namjua sana huyo. Simu ya mama yangu aliifungua, akairudisha na skrubu nne mkononi, eti hizo ni za akiba.

Kibirizi_Mwaloni:
Mleta uzi, ulimlipa yote kabla ya kazi? Basi ulikaliwa siku hiyo hiyo. Leo umeonyeshwa tu.

Binti_Gungu:
@Kibirizi_Mwaloni, kwa hiyo mtu akilipwa mapema ana ruhusa ya kukalia mali za watu? Daktari ukimlipa mapema anakukalia? Kamega tonge akiwa JUU YAKE, wewe unaniletea habari za malipo!

Mzee_wa_Waya:
Mwanangu, tuliza moyo. Tupigie picha stika iliyo kwenye hizo RAM mpya, na picha ya waya unaoingia kwenye kadi.

Binti_Gungu:
Shikamoo mzee wangu. Picha hizo hapo. Na ile alama ya mafuta kwenye mfuniko ni ya mgebuka, muione wote.

Mzee_wa_Waya:
Marahaba. Nilivyodhani ndivyo. Stika imeandikwa PC3-12800R. Hiyo R mwishoni maana yake ni RAM ya seva, yale makompyuta ya kuhudumia mitandao, na mashine yako inataka yenye U. Zote ni za aina moja, DDR3 za pini 240, kikato kiko mahali pamoja, kwa hiyo inaingia kwenye sloti bila shida na mtu anaona kazi imekwisha. Lakini prosesa yako haiwezi kuzisoma, ndiyo maana mashine inalia na haileti picha. RAM za seva hizi huuzwa rahisi kwa sababu kompyuta za kawaida haziziwezi. Fundi anayejua kazi hawezi kukosa kusoma ile herufi.

Hilo la waya ndilo linalonitisha. GTX 1060 inakula wati 120 na inataka plagi ya pini 6. Pawa saplai yako, kile kisanduku cha kugawa umeme ndani ya mashine, haina, kwa hiyo ameunga kutoka kwenye plagi ya SATA, ile ya kulishia diski. Plagi ya SATA kwenye volti 12 imepimwa kubeba ampea 4.5, yaani wati 54. Plagi ya pini 6 inaruhusiwa kuvuta 75. Kadi ikianza kazi ya video, ile plastiki inaweza kuyeyuka, na moto huanzia hapo hapo. Halafu stika ya pawa saplai inasema wati 240. Toa 120 za kadi, toa 77 za prosesa, angalia kinachobaki. Waliotengeneza kadi wenyewe wanashauri pawa saplai ya wati 400.

Fanya hivi: chomoa waya wa ukutani, toa kadi, toa RAM mpya zote, rudisha ile ya zamani peke yake, chomeka monita kwenye tundu la mazabodi, ule ubao mkuu wa mashine. Itawaka. SSD haina kosa, iache. Kadi usiiguse mpaka upate pawa saplai yenye plagi yake.

Binti_Gungu:
Mungu akuweke mzee wangu. Kumbe kaniuzia RAM ya seva, kanifungia na moto ndani, HALAFU AKAIKALIA! Alichokuwa anakikalia ni kosa lake mwenyewe! Na bado anatikisa mguu!

Mgebuka_Mkavu:
Plagi ya wati 54 juu, injinia wa kilo mia juu. Mashine ya watu imebebeshwa mengi leo.

Katonga_Original:
Nyie wa kompyuta mna nafuu. Kuna fundi friji hapo hapo Mwanga, kila mtu anamjua, kanitolea kompresa "akaipime". Mpaka leo anaipima. Wife anahifadhia vitenge mle.

Stesheni_Kwetu:
Ndiye yule mwenye baiskeli nyekundu? Kapima na ya kwetu.

Baba_Ziada:
Friji ni nini bwana. Fundi cherehani wa Ujiji kamuuzia mtu suti ya mdogo wangu ya kupelekea mahari. Nimeiona kwa macho yangu msibani Katubuka, mtu kaivaa, anagawa maji ya kunawa.

Binti_Gungu:
Jamani, turudi kwenye mada. Mzee, nimewasha na RAM ya zamani, picha imekuja. Lakini kuna mtu humu amewahi kumshtaki fundi kwa kuk

Kibirizi_Mwaloni:
Dada subiri kidogo. @Baba_Ziada, ulimfanya nini huyo mtu wa suti?

Baba_Ziada:
Ningemfanya nini msibani? Nilinawa, nikanyamaza. Suti ya bluu, bitana nyekundu, kitambaa tulikinunua sisi wenyewe.

Bangwe_Juu:
Subiri mkuu. Msiba wa Katubuka, wa wiki iliyopita? Bluu, bitana nyekundu? Ile suti mimi nimeinunua kihalali. Fundi aliniambia mwenye suti kaitelekeza.

Baba_Ziada:
Kaitelekeza nani? Mtu kalipia yote anasubiri vifungo tu! Wewe ndiye wa maji ya kunawa?

Bangwe_Juu:
Ndiye mimi. Na sitoi suti. Mezani kwake hela nimeweka.

Katonga_Original:
Nimekaa pale, endeleeni.

Baba_Ziada:
Mdogo wangu ni mrefu, mikono itakuwa inakuvuka vidole. Utaivaaje?

Bangwe_Juu:
Ilinivuka kweli. Nimeshapunguza.

Baba_Ziada:
UMEPUNGUZA??