Naomba ushauri: mume wangu anaumwa figo, nishikeje ahadi za Mungu?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mume wangu figo zimefeli, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Akirudi yuko hoi, hata kikombe cha uji anakisukuma pembeni, na mkono unaochomwa sindano umevimba.

Mama mmoja wa kikundi chetu cha maombi anasisitiza tushike Yeremia 29:11, pale Mungu anaposema anawawazia watu wake mawazo ya amani na kuwapa tumaini, tuache hospitali, tusimame na neno tu. Hospitali siachi, hilo nimeshaamua. Nabii Isaya mwenyewe aliagiza mfalme Hezekia awekewe mkate wa tini kwenye jipu, akapona (2 Wafalme 20:7).

Kinachonisumbua ni ahadi yenyewe. Mstari wa 10 unaonyesha waliandikiwa Wayahudi waliokuwa mateka Babeli, na waliambiwa ni miaka 70 ndipo warudishwe kwao. Wazee wengi walizikwa huko huko. Je, kwao ilitimia?

Nampenda Mungu na simwachi. Ila usiku mume wangu akiniuliza, "Mke wangu, nitapona kweli?" nakosa jibu lisilomdanganya wala kumkatisha tamaa. Mliouguza muda mrefu, mlimjibu nini mgonjwa wenu? Na mlipopiga magoti, mliomba mkisemaje?