Mzee katolewa tezi dume, PSA iko chini: mionzi sasa au tusubiri?

MwanaMkubwa: Habari wakuu. Baba ana miaka 66, ametolewa tezi dume yote. Majibu ya nyama: Gleason (alama ya ukali wa saratani, mwisho wake 10) ni 9 (4+5), saratani imetoka nje ya tezi na kuingia kwenye vifuko vya shahawa, na ukingo mmoja wa mkato una seli za saratani. Tezi za limfu safi. PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) ya kwanza baada ya upasuaji iko chini ya 0.1. Daktari aliyempasua anasema tufuatilie PSA tu. Wa mionzi anataka aanze mionzi na sindano za kushusha homoni za kiume. Mzee mkojo bado unamvuja, anavaa pampasi. Tumsikilize nani?

Radi: Gleason 9 si ya kuchezea. Pigeni mionzi mapema, msingoje moto uwake.

NesiMstaafu: Radi, taratibu. Swali hili lilipimwa kwenye tafiti tatu kubwa, RADICALS-RT, RAVES na GETUG-AFU 17, matokeo yakatoka 2020. Wanaume waliopigwa mionzi mara baada ya upasuaji hawakuonekana kuwazidi wale waliofuatiliwa na kupigwa pale tu PSA ilipoanza kupanda. Waliopigwa mapema ndio waliosumbuka zaidi na mkojo. Na wengi katika kundi la kusubiri walikuwa hawajahitaji mionzi kabisa hadi matokeo yanatoka.

Ila hapa ndipo kesi ya mzee inaponipa shida. Wagonjwa wa aina yake, Gleason 8 hadi 10 na vifuko vya shahawa vimeguswa, walikuwa wachache kwenye tafiti hizo. Ndiyo maana miongozo ya madaktari wa mkojo wa Ulaya bado inaruhusu mionzi ya mapema kwa watu kama yeye. Kwa hiyo madaktari wenu hakuna anayewadanganya.

MwanaMkubwa: Asante mama. Tukisubiri, tunasubiri mpaka lini?

NesiMstaafu: Namba ikubaliwe leo, iandikwe kwenye faili. PSA kila miezi mitatu kwa mwanzo. Kwa kawaida 0.2 iliyothibitishwa kwa kipimo cha pili ndiyo huhesabiwa kuwa ugonjwa umerudi, lakini kwa mzee wenu mimi ningetaka daktari wa mionzi aitwe hata ikifika 0.1 na inaendelea kupanda. Mionzi hufanya kazi vizuri zaidi PSA ikiwa bado chini, hasa chini ya 0.5. Kusubiri bila kupima siyo kufuatilia, ni kutelekeza.

Baba_Wawili: Nimepita huko. Mionzi yenyewe haiumi, ni kwenda siku tano kwa wiki, wiki sita na zaidi. Kilichonitesa ni sindano za homoni: joto linapanda usiku unaloa jasho, misuli inayeyuka, hamu ya tendo inakufa. Hilo la mwisho madaktari hulipitia haraka haraka, muulizeni mbele ya mama. Ulizeni pia sindano ni za miezi sita au miaka miwili, maana tofauti ni kubwa. Na mifupa yake ipimwe.

Radi: Sawa, nimeelewa. Na ile PET ya PSMA, picha ya mwili ya kutafuta seli za saratani ya tezi dume, haiwezi kuonyesha saratani ilipo?

NesiMstaafu: PSA ikiwa chini hivi mara nyingi haioni kitu. Itafaa baadaye PSA ikipanda, na hata ikitoka safi isiwe sababu ya kuchelewesha mionzi.

Kuhusu mkojo: mionzi ikija kabla haujatulia, inaweza kuzuia usirudi vizuri. Hata daktari wa mionzi mara nyingi atawapa miezi michache kwanza. Afanye mazoezi ya kubana misuli ya nyonga kila siku, na akiweza aonwe na mtaalamu wa fiziotherapia.

MwanaMkubwa: Basi nitaomba madaktari wote wawili wakae meza moja na ripoti ya nyama mbele yao.

Baba_Wawili: Fanya hivyo. Na PSA apimie maabara ile ile kila mara. Mashine zikitofautiana mtapata presha ya bure.