Alumini chakavu: rangi imetoka lakini weldi inajaa matundu. Msaada kabla ya Ijumaa

FundiMbichi
Habari wakuu. Nina vipande vinne vya alumini nilivyochukua kwa watu wa skrepa. Vina rangi ya fedha na juu kama vanishi. Nimepiga brashi ya waya, nimefuta kwa petroli, lakini nikiwasha TIG (weldi ya umeme yenye gesi ya argoni) dimbwi la alumini iliyoyeyuka linakuwa jeusi, linatema, likipoa lina matundu kama andazi. Dawa gani inatoa rangi yote? Mteja anakuja Ijumaa.

Argoni_Safi
Ujue kwanza unapambana na nini. Vanishi na rangi ya unga ni kama plastiki: zikipata moto zinaachia haidrojeni, alumini iliyoyeyuka inaimeza, ikiganda inaitema. Hayo ndiyo matundu yako. Anodaizi, ile ngozi ngumu inayowekwa juu ya alumini kwa umeme, ni oksidi, haiyeyuki hadi nyuzi 2,072, wakati alumini chini yake imeshakuwa uji kwenye 660. Weka multimita kwenye mlio, gusisha ncha zote mbili juu ya uso. Ikinyamaza, bado kuna ngozi.

Toa kwa diski ya msasa ya majani, sentimita 2.5 kila upande wa mshono, mbele na nyuma. Jiwe la kusagia chuma usiguse: linazibwa na alumini, linapata joto kali, linaweza kupasuka. Halafu asetoni, ufute mpaka kitambaa kitoke cheupe, NDIPO brashi ya stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma. Ukitanguliza brashi unakandamiza mafuta ndani. Petroli nayo inaacha mafuta, achana nayo.

Mzee wa Kostiki
Msasa wa nini, mnamchosha kijana. Kostiki soda gramu 50 kwa lita ya maji, nyuzi 60, dakika chache tu anodaizi imekwisha. Ndoo ya plastiki, mahali pa wazi, miwani, glovu ndefu. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, si maji kwenye kostiki. Inatoa haidrojeni, sigara mbali.

Bi Grenda
Mzee, kila uzi wewe ni kostiki, hata wa doa la chai. Na vanishi si anodaizi. FundiMbichi, hivyo ni vipande vya nini? Unene? Mashine ina AC au DC peke yake?

FundiMbichi
AC, naenda na ampea 140. Vipande vya kawaida tu, fremu za dirisha, milimita 1.5 hivi. Kostiki nilishaloweka tangu jana usiku, kilo 1 kwa lita 10, asubuhi vimetoka vyeusi tii. Mimi nauliza dawa tu.

Argoni_Safi
Uzi huu umetungwa. Kilo 1 ya kostiki inaweza kula gramu 675 za alumini. Fremu ya milimita 1.5 uilaze humo usiku kucha, asubuhi unaokota chujio. Ampea 140 zingeitoboa papo hapo. Na profaili ya dirisha inaacha ukijivu mwepesi. Weusi mzito namna hiyo kwa kawaida ni silikoni, na silikoni nyingi ni alumini ya kusubu, yaani iliyomiminwa kwenye kalibu. Ama unatupima, ama hilo si dirisha.

Kijiwe_Nongwa
Dirisha la boliti tano hilo 😂

FundiMbichi
Haya. Ni rimu za sport, inchi 15. Nilijua nikisema mtaanza mahubiri. Ufa ni mdogo, uko mdomo wa ndani. Nikimaliza nasaga, napaka rangi, hakuna atakayeona.

Bi Grenda
Hakuna atakayeona, akiwemo anayepanda na watoto nyuma.

Argoni_Safi
Rimu za kusubu mara nyingi ni aloi ya alumini iitwayo A356, silikoni asilimia 7 hivi, imepikwa, ikazimwa kwenye maji, ikapikwa tena. Ukichomelea, eneo lile linalainika, na bila kurudia mapishi yote nguvu hairudi. Rangi haifichi hilo barabarani. Ufa wa spoku au jirani na boliti hauchomelewi, irudi skrepa. Sasa umeongeza lingine: kostiki imeingia kwenye ufa na vinyweleo vya subu, kila ukiwasha inachemka kutoka chini. Ndiyo maana hata ukisafisha juu bado matundu.

Mzee wa Kostiki
Hapo namuunga mkono. Rimu sikushauri kuloweka. Na weusi wa silikoni asidi ya naitriki peke yake haiutoi, inataka yenye floridi, na hiyo usiilete gereji: inapenya ngozi hadi mfupani.

Kijiwe_Nongwa
Si apulize tu ile dawa ya kusafishia breki?

Argoni_Safi
ASITHUBUTU. Zile zenye klorini zikikutana na joto na mwanga wa arki zinatoa fosjini. Gesi ya vita hiyo.

FundiMbichi
Nimewaelewa. Hizi nne nazirudisha. Ila wakuu, kuna mbili zilitoka Jumanne. Zile ufa ulikuwa kwenye spoku.

Bi Grenda
Namba ya simu ya mwenye gari unayo?