Tati za nazi za Kichina: tupeane uzoefu, hasa kwa nini za nyumbani zinakauka

Fundi wa Ganda

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa wale wanaooka tati za nazi kama zile za bekari za Hong Kong na za mitaa ya Wachina huko Toronto au London: ganda la biskuti lenye kingo za mawimbi, nazi ya manjano iliyotuna katikati, inang'aa kwa shira, na juu nusu ya cheri nyekundu. Kikantoni huitwa yeh taat. "Yeh" ni nazi, na "taat" wameichukua kwa Waingereza kama sisi tulivyochukua "keki". Si kashata, wala si keki ya nazi. Ukiivunja, nyuzi za nazi zinatakiwa zishikane na ziwe na unyevu, zisigandamane.

Naanza na vipimo, wengine mtarekebisha. Tati 12, vibati vya upana wa sentimita 7 juu na kina cha sentimita 2.

Ganda: unga wa ngano gramu 200, siagi 110, sukari laini ya aisingi 50, maziwa ya unga 10, chumvi chembe.

Nazi: nazi kavu ya pakiti, iliyosagwa laini, gramu 110, sukari 90, siagi 50, maziwa mililita 100, unga wa ngano 25, unga wa kastadi 10, bekingi pauda nusu kijiko cha chai, chumvi chembe.

Mayai ni 2 kwa kazi yote. Yapige pamoja kwenye bakuli (bila maganda ni kama gramu 100), gramu 25 ziende kwenye ganda na 75 zibaki kwa ajili ya nazi. Hakuna ute unaotupwa.

Siri yote iko kwenye kuloweka. Nazi kavu ina kiu. Ukiichanganya na yai na unga halafu ukaikimbiza kwenye oveni, itanywa maji yake humo humo ndani kutoka kwenye yai, na unatoa kitu kikavu kilichopasuka juu. Kwa hiyo pasha maziwa, siagi, sukari na chumvi hadi sukari iyeyuke yote. Yasichemke. Mimina juu ya nazi, geuza, funika, acha nusu saa hadi saa nzima, ipoe kabisa. Ndipo utie yai, na mwisho kabisa unga, kastadi na bekingi pauda vilivyochekechwa pamoja.

Angalia kijiko: mchanganyiko ukikaa kama kilima na pembeni pake pananyevuka, umefika. Ukikaa kama kilima na pembeni ni pakavu, ongeza kijiko kimoja cha maziwa, subiri dakika 5, tazama tena.

Bint Kukuna

Vipimo vizuri, ila umewasahau watu wa pwani wasionunua nazi ya pakiti. Nazi ya mbuzi inafaa, na harufu yake haina mfano, lakini usibadilishe gramu kwa gramu. Nazi iliyokunwa sasa hivi ina maji karibu nusu ya uzito wake. Badala ya gramu 110 za pakiti weka gramu 200 za kukuna, na maziwa yashuke kutoka mililita 100 hadi kijiko kimoja cha chakula, cha kuyeyushia sukari na siagi tu. Ukiacha maziwa yote 100 utapata uji, ganda litalowa na tati haitatuna.

Kuna njia tatu zinazoharibu kazi. Ya kwanza ni kukuna hadi kwenye ngozi ya kahawia: rangi inachafuka na unapata vipande vigumu mdomoni. Simamisha mbuzi mapema. Ya pili ni koroma. Nyama yake bado laini na haina mafuta ya kutosha, ikiokwa inakuwa kama mpira. Chukua nazi iliyokomaa, ile ukiitikisa maji yanagonga. Ya tatu ndiyo kosa kubwa: machicha. Watu wanakamua tui la wali, halafu wanasema machicha yasipotee, yaende kwenye tati. Mafuta mengi yameshatoka na tui, kilichobaki zaidi ni nyuzi. Hata ukiyaloweka siku nzima yatakuwa kama unga wa mbao. Machicha wapeni kuku.

Na onjeni kipande cha kila nazi kabla ya kukuna. Nazi moja iliyoanza kuharibika ina ladha ya sabuni, na sukari haiifichi.

Mkaa wa Juu

Dada hapo juu kasema kweli. Naongeza njia ya katikati: nazi ya kukuna ikaushe kidogo kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukigeuza bila kuacha, mpaka gramu 200 ziwe kama 120. Usingoje ibadilike rangi. Hapo unarudi kwenye vipimo vya nazi ya pakiti kama vilivyo, maziwa mililita 90 badala ya 100.

Sasa wale wa jiko la mkaa. Tati zinaokeka vizuri tu, lakini moto wake si ule wa keki. Kwenye keki tumezoea mkaa mwingi juu na kidogo chini. Kwenye tati fanya kinyume, angalau nusu ya kwanza, kwa sababu nazi ina sukari na mafuta na inashika rangi haraka, huku ganda chini bado bichi. Sufuria kubwa nzito, mchanga mkavu wa sentimita 2 chini, funika, pasha robo saa. Panga vibati moja kwa moja juu ya mchanga, visigusane na ukuta wa sufuria. Dakika 12 za kwanza moto wa kutosha chini, na juu ya mfuniko vipande vinne vitano tu vilivyotawanywa. Kisha punguza chini, ongeza juu, dakika 8 hadi 10.

Kupima moto bila kipimajoto: nyunyiza unga kidogo kwenye kibati kitupu, kiweke ndani, funika. Ukigeuka kahawia nyepesi kwa kama dakika moja, panga tati. Ukiwa mweusi, funua upoe. Na usifunue funue mfuniko, majivu yatadondokea kwenye nazi.

Sukuma Taratibu

Ganda limepitiwa haraka haraka, na ndiko wengi wanakoanguka.

Siagi iwe laini, inabonyea kwa kidole, lakini haijayeyuka. Changanya na sukari hadi zishikane tu. Ukizipiga mpaka ziumuke kama za keki, ganda litatanuka na yale mawimbi ya pembeni yatafutika. Tia yai kidogo kidogo, kisha unga na maziwa ya unga kwa pamoja. Hapa USIKANDE. Kunja na kugandamiza kwa kiganja mpaka usione unga mkavu, basi. Kukanda kunaamsha mvuto wa ngano, ule tunaoupenda kwenye chapati. Kwenye tati mvuto huo ndio unaofanya ganda lisinyae na kushuka ndani ya kibati.

Friji nusu saa. Dar au Mombasa mchana usiruke hatua hii, siagi inayeyukia mikononi. Kata madonge 12 ya gramu 32. Weka donge katikati ya kibati na lisukume kwa dole gumba kutoka katikati kwenda nje, huku unazungusha kibati. Sakafu iwe na unene wa milimita 3. Sasa angalia ile kona ambapo sakafu inakutana na ukuta: pale unga hujikusanya, ukabaki mnene mara mbili, na pale ndipo huliwa bichi. Bonyeza kona kwa ncha ya kidole kuzunguka yote. Ukingo wa juu uzidi kibati kwa milimita 1 au 2. Rudisha friji dakika 20 kabla ya kujaza.

Unga wowote mweupe wa kawaida unatosha. Ule unaouzwa ukiwa umeshatiwa bekingi pauda achana nao, ganda linavimba. Kama unga wenu ni wa mkate, wenye nguvu, toa gramu 20 weka kornflawa gramu 20. Nasema kornflawa, ule wanga mweupe laini. Sembe haihusiki hapa.

Mama Vibati

Majarini badala ya siagi je? Siagi bei imepanda.

Sukuma Taratibu

Inawezekana, mama. Kwenye ganda weka nusu siagi nusu majarini, na uache chumvi maana majarini tayari ina chumvi. Kwenye nazi usiiweke kabisa, harufu yake inasikika. Afadhali samli gramu 40 mahali pa siagi 50, kwa kuwa samli haina maji.

Mpita Njia

Bekingi pauda ya nini kwenye nazi? Mimi naona inapasua tu.

Fundi wa Ganda

Inapasua ikizidi. Nusu kijiko cha chai inatosha kuinua nazi ikawa nyepesi na kutuna kidogo. Kijiko kizima kitaipandisha kama kofia, kisha ikitoka kwenye oveni inadidimia katikati na kuacha pango. Ukiiacha kabisa unapata kitu kizito kama kashata laini. Wapo wanaoipenda hivyo, lakini ya bekari haiko hivyo.

Mipasuko ina sababu nyingine tatu, na ukitazama unazitofautisha. Ufa mmoja mpana katikati ni moto mkali mno wa juu: uso umeganda kabla ya ndani kupanda. Nyufa ndogo ndogo kila mahali, nazi inachambuka ukiigusa, hiyo haikulowekwa vya kutosha. Na ikichomoza upande mmoja, uliigandamiza wakati wa kujaza. Jaza kwa kijiko, karibu gramu 38 kila moja, ifike sehemu nne kati ya tano za kina, itawanye kwa uma bila kushindilia. Ikijaa hadi ukingoni itafurika, sukari itayeyuka kati ya ganda na kibati, na tati utaitoa kwa kisu vipande vipande.

Oveni: 200, trei iwe ndani tangu inapashwa, ngazi ya chini. Panga vibati juu ya trei hiyo ya moto, dakika 10, kisha shusha 180 dakika 10 hadi 12. Imeiva ncha za nyuzi zikiwa na rangi ya dhahabu na kijiti kikitoka kina chembe zenye unyevu, hakina ute. Ukingoja kijiti kitoke kikavu kabisa umeshachelewa.

Shira na Cheri

Shira: sukari gramu 30, maji mililita 30, chemsha dakika moja. Paka kwa brashi tati zikiwa bado za moto, mara moja tu. Ukipaka zikiwa baridi, shira inabaki juu inanata, haizami.

Cheri ioshe ile sukari yake nyekundu, ifute mpaka ikauke, katikati kata, upande wa kisu uangalie chini. Isiyofutwa huvuja rangi na nazi inakuwa ya waridi. Wengine huitia baada ya kuoka, shira ndiyo inaigandisha. Zote sawa.

Zitoeni kwenye vibati dakika 10 baada ya kutoka kwenye oveni. Zikikaa zaidi mvuke unarudi kwenye ganda, linalegea.

Dada wa Guangzhou

Kwa ndugu zetu wanaokuja huku kununua mizigo na wakakutana nazo bekari: kuna aina mbili za ganda. La biskuti ndilo mnalojadili. Lingine ni la matabaka, linalochambuka kama karatasi, na kwa desturi hilo hutengenezwa kwa mafuta ya nguruwe. Muislamu aulize kwanza. Kichina cha serikali ni "zhu you", Kikantoni "jyu yau", kwenye pakiti limeandikwa 猪油, na Hong Kong 豬油. Hata la biskuti ulizeni, bekari si zote sawa.

La matabaka nyumbani: donge la kwanza ni unga gramu 150, yai 1, siagi 20, maji baridi kama mililita 30. La pili ni siagi ngumu 150 na unga 75. Funga la pili ndani ya la kwanza, sukuma, kunja liwe tabaka tatu, friji nusu saa. Rudia mpaka umekunja mara tatu. Kazi ya alfajiri hiyo, jua likipanda siagi inapenya nje.

Mama Vibati

Ahsanteni. Mawili ya mwisho. Tui la kopo mahali pa maziwa? Na nipo Marekani, nazi ya pakiti huku ni tamu.

Bint Kukuna

Tui zito lina mafuta yake, kwa hiyo siagi ya kwenye mchanganyiko wa nazi ishuke kutoka 50 hadi 35. Usiposhusha, mafuta yatajichuja na sakafu ya ganda itakuwa na madoa ya kulowa. Na hiyo nazi tamu soma pakiti: kama imetiwa sukari, ya kwako ishuke kutoka 90 hadi 50, na kwa kuwa nyuzi zake ni ndefu, zikatekate kwa kisu kwanza.

Jiko la Ijumaa

Na zinakaa muda gani? Nina oda ya asubuhi.

Mkaa wa Juu

Za nazi kavu, siku 2 ndani ya chombo kilichofunikwa, friji hadi siku 4. Za nazi ya kukuna ziliwe siku hiyo hiyo, au ziende friji zikishapoa. Joto letu linazichachusha. Kupasha, oveni ya 160 dakika 5 au 6. Maikrowevu inalegeza ganda.

Kwa oda ya asubuhi, usiku andaa vibati vikiwa na ganda, vifunike, friji. Nazi iloweke na siagi, maziwa na sukari, nayo friji. Asubuhi itakuwa imeganda kwa sababu ya siagi, iache nje nusu saa ilegee, tia yai na unga. Bekingi pauda subiri oveni iwe imefika 200.