Ulinzi shirikishi mtaani: tuanze vipi ili usife mwezi wa tatu?

Kibatari:
Wakuu, habari za majukumu. Mtaa wetu uko pembezoni mwa Dar: kaya 180 hivi, mapagale matano, korongo upande wa nyuma. Vibaka wanang'oa mita za maji, wanakata kufuli za maduka, na boda wanapigwa roba usiku. Mkutano umekaa, watu wameafiki ulinzi shirikishi, ila kila mmoja ana lake. Wapo wanaotaka zamu ya kila kaya, wapo wanaotaka vijana wa kulipwa, na wapo wanaotaka kupiga tu. Tuanze na nini, bajeti ikaeje, na tukimkamata mtu tufanyeje kesi isitugeukie?

Daftari_Kubwa:
Karatasi kwanza, rungu baadaye. Muhtasari wa mkutano mkuu wa mtaa uandikwe, uambatanishwe na mahudhurio yenye saini, na kiwango cha mchango kitajwe humo. Bila hivyo, anayegoma kulipa huna pa kumshikia. Nakala iende kwa mtendaji wa mtaa, kwa polisi kata na kwa mkuu wa kituo. Polisi kata awaone walinzi wote sura kwa sura, maana askari wa doria wakikutana usiku wa manane na vijana wenye marungu wasiowajua, hawatakuwa na maswali mengi.

Majina ya walinzi yasomwe hadharani kabla hawajaanza. Mitaa mingi huchukua vijana wa kijiweni kwa sababu tu hawana kazi, kumbe wawili kati yao ndio wanaopeleka mita kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kila mlinzi awe na mdhamini anayekaa hapo hapo mtaani, picha, na namba ya kitambulisho. Waliopitia mgambo wapewe nafasi ya kwanza. Mshauri wa mgambo wa wilaya atawathibitishia.

Mama_Zamu:
Pesa sasa. Kaya 180 kwa 3,000 ni 540,000, lakini hiyo ni hesabu ya karatasini. Panga kwa theluthi mbili, yaani 360,000. Walinzi wanne kwa 80,000 ni 320,000, inabaki 40,000 ya chaji, daftari na chai. Mkiajiri sita kwa kuiamini ile 540,000, mwezi wa pili mnadaiwa, mwezi wa tatu walinzi wanajilipa wenyewe kwa kusimamisha boda na kudai buku mbili. Mtaa ukifika hapo, wananchi wanawaogopa walinzi kuliko vibaka.

80,000 ni ndogo, kwa hiyo wasikeshe kila siku. Wafanye wawili wawili, usiku mmoja kazini, usiku mmoja nyumbani. Waongezeeni watu wawili wa zamu ya kaya. Kwa kaya 180, kila nyumba inafikiwa mara moja katika siku 90, jambo ambalo hata mwenye ajira analimudu. Kaya za wazee, wajane na wagonjwa msiziingize kwenye zamu, wala msizitoze faini.

Anayekusanya asiwe ndiye anayetunza. Stakabadhi iwe na kopi, na kila mwezi mapato na matumizi yabandikwe ofisi ya mtaa.

Kibatari:
Shukrani. Mabalozi wa nyumba kumi wakikusanya wao je? Wanazijua nyumba zote.

Mama_Zamu:
Hapana. Balozi siku hizi ni wa chama. Mpinzani wa kwanza akikataa kumpa pesa, ulinzi umeshageuka siasa. Tumieni wajumbe wa kamati ya mtaa.

Kisiki:
Kwenye kukamata ndiko kesi nyingi zinakofia. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (Sura ya 20) inamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa mbele yake, ila amkabidhi polisi bila kuchelewa. Ofisi ya mtaa si mahabusu. Kumfungia humo "mpaka kukuche" ni kosa jingine, na hilo ni lenu.

Daftari la zamu liandikwe hapo hapo, hivi:

*"Saa 8:40 usiku. Nyuma ya duka la tatu toka kisimani. Kufuli limekatwa. Mwanaume mmoja, ana mkasi wa chuma wenye mpini mwekundu. Walioona: (majina mawili). Mchubuko goti la kushoto, alianguka mtaroni akikimbia. Polisi kata kapigiwa 8:45. Kakabidhiwa kituoni 9:30. RB (kumbukumbu ya taarifa polisi) namba… Saini ya aliyepokea…"*

Mstari wa jeraha ndio unaorukwa na wengi. Mtuhumiwa akidai alipigwa, atapewa PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), na daftari lenu likiwa kimya mtajibu nini? Kielelezo nacho kishikwe na mtu mmoja tu mpaka kituoni. Ule mkasi ukipita mikono mitano, au mwenye duka akichukua kufuli lake akaondoka, upande wa mashtaka unabaki na maneno matupu. Walioona waambiwe usiku huo huo kwamba wataitwa mahakamani.

Vifaa: filimbi nne, tochi mbili za kuchaji, fulana nne za kuakisi mwanga, na simu ya kitochi ya zamu ambayo namba yake haibadiliki. Mapanga na mishale hapana. Sungusungu wa Usukumani na Unyamwezini miaka ya 1980 walibeba pinde, na sheria ya 1989 ikawatambua, lakini wale walikuwa wakifuata nyayo za ng'ombe porini. Nyie mnapita kati ya madirisha ya watu waliolala.

wa_ploti_ya_nyuma:
Salamu kutoka Nairobi. Nyumba Kumi huku ilisukumwa sana baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, na wazo lenyewe lilitoka kwenu. Tofauti ni kwamba hapa kazi yake ni habari, wala si doria, na "kumi" si hesabu kamili; ploti nzima inaweza kuwa kundi moja.

Onyo langu ni WhatsApp. Andikeni mahali, saa, mwelekeo na namba ya pikipiki. Picha ya mtu yenye maneno "mwizi huyu" ikisambaa, umati utafika kabla ya polisi. Tena anayetoa habari ampigie mtu mmoja, asiandike kwenye kundi, kwa sababu mwizi naye yumo.

Kisiki:
Umenena. Kibatari, ratiba ya mzunguko ibadilishwe kila usiku. Wanaopita korongoni saa 6 kamili kila siku wanamwambia kibaka aje saa 6 na nusu. Saa 8 hadi 10 ndipo usingizi unapowashika walinzi, kwa hiyo chai inywewe saa 8, si saa 5. Mapagale muwaombe wenyewe wazibe milango kwa matofali.

Daftari_Kubwa:
Na kila kaya inakili leo namba iliyoandikwa kwenye mita yake. Mita ikiibwa, polisi kata anakwenda kwa mnunuzi wa chuma chakavu akiwa na namba mkononi. Bila namba, mita zote zinafanana.