Mashindano ya karata za simu: je, deki ya kunakili ipigwe marufuku?

MTOA MADA (mtaa wa Sakina, Arusha)

Ndugu zangu, salaam. Waandaaji wa mashindano madogo ya Marvel Snap, yanayowakutanisha wachezaji wa Arusha na Moshi, wameletewa pendekezo kwamba yeyote atakayebainika kuingia na deki, yaani seti ya karata za kuchezea, aliyoinakili kutoka kwenye intaneti aenguliwe. Wanaolipigia debe wanasema kuwa anayenakili anavuna asipopanda, na kwamba zawadi inapaswa kumwendea aliyekaa na karata zake akazichanga mwenyewe. Ninalipinga pendekezo hilo, na nitaeleza kwa urefu kidogo, kwa kuwa naona tunakaribia kuadhibu jambo ambalo si kosa huku tukiliacha lile linalomtofautisha mchezaji hodari na mbahatishaji.

Kwa wasioufahamu mchezo wenyewe, ambao ulitoka rasmi Oktoba 2022 chini ya kampuni ya Second Dinner, maelezo ni mafupi. Kila mchezaji huingia na karata 12, zote tofauti. Kuna vituo vitatu vya kupangia karata, na zamu sita. Nishati ya kuchezea karata ni 1 katika zamu ya kwanza na huongezeka hadi 6 katika zamu ya mwisho. Atakayekuwa na nguvu kubwa katika vituo viwili ndiye mshindi. Mchezo mmoja wa zamu hizo sita huchukua dakika chache tu, na kwa mwenye bando la kuhesabu hilo si jambo dogo.

Sasa tujiulize, anayenakili ananakili nini hasa? Anachukua orodha ya majina 12. Orodha hiyo haimwambii ni zipi zitakazomjia mkononi. Mchezaji huanza na karata tatu na kuokota moja kila zamu, kwa hiyo hadi zamu ya sita ameziona 9 kati ya 12. Maana yake ni kwamba karata yoyote moja ina nafasi ya asilimia 75 ya kumfikia. Mbili anazozihitaji kwa pamoja zina nafasi ya asilimia 55 hivi. Na tatu zinazotegemeana zinashuka hadi asilimia 38. Deki nyingi zinazosifiwa mitandaoni hujengwa juu ya karata mbili au tatu za namna hiyo. Aliyeinakili bila kuielewa hubaki ameduwaa katika michezo ambayo mhimili wake haukuja, na kama mhimili wenyewe ni wa karata tatu, hiyo ni zaidi ya nusu ya michezo yote. Aliyeielewa anajua tangu zamu ya tatu kwamba leo atapita njia nyingine. Tena vituo vyenyewe hufunuliwa kimoja kimoja katika zamu tatu za mwanzo, na kila kimoja huja na sharti lake, hivyo hata aliyebahatika kuokota vizuri anaweza kukuta mahali alipotaka kupanga karata zake pamefungwa.

Liko pia suala la wapinzani. Orodha zinazosambazwa hupikwa kwa kuwaangalia wachezaji wa dunia nzima, si wale watakaoketi mbele yako siku ya mashindano. Chukueni deki ya Ka-Zar, ambayo huijaza meza karata ndogo za gharama ya 1 kisha Ka-Zar akaziongezea nguvu. Ni nzuri, ni rahisi kuipata, na kwa sababu hiyo inapendwa mno na wanaoanza. Lakini yupo Killmonger, wa gharama ya 3, ambaye akifunuliwa huangamiza karata zote za gharama ya 1, za kwako na za mwenzako. Ikiwa nusu ya washiriki watakuja na Ka-Zar, mwenye busara atamweka Killmonger. Na mwenye busara zaidi, anayeipenda Ka-Zar yake, atamweka Armor wa gharama ya 2, ambaye karata zilizo katika kituo chake haziwezi kuangamizwa, kisha ataomba Mungu kituo hicho kimtoshe. Huko kubadilisha karata moja au mbili kwa kuwasoma watu wa mahali pako ndiko ninakokuita kujenga deki. Orodha ya intaneti ni mwanzo tu wa kazi hiyo.

Halafu kuna dau, na hapa ndipo ninapoliona pendekezo hili limekosa shabaha kabisa. Katika mechi za kirafiki, ambazo ndizo zitakazotumika, kila mmoja huanza na uhai 10, na michezo hurudiwa mpaka uhai wa mmoja uishe. Kila mchezo huanza na dau la 1, yaani uhai atakaopoteza aliyeshindwa. Kila upande unaweza kulipandisha maradufu mara moja, nalo hujipandisha maradufu lenyewe mwishoni, mpaka kufikia 8. Anayejitoa kabla dau halijapanda hupoteza 1 tu. Mchezaji anayejua kujitoa mapema anaweza kushindwa mara nne mfululizo mwanzoni na bado akabaki na uhai 6, wakati yule anayeng'ang'ania kwa sababu ya aibu hupigwa dau la 8 mara moja, la 2 mara moja, na safari yake imeishia hapo. Hakuna orodha inayofundisha kujitoa. Nimewaona vijana wenye deki za kifahari wakimalizwa na watu wenye karata za kawaida kabisa, kwa sababu tu hao wa karata za kawaida walijua ni lini wakimbie na ni lini wapandishe dau.

Mwisho, nani atakayethibitisha kwamba deki imenakiliwa? Kila karata imeandikwa kazi yake. Mtoto mwenye akili akisoma kwamba Ka-Zar huzipa nguvu karata za gharama ya 1, atazikusanya karata za gharama ya 1, na atafika kwenye orodha ileile iliyochapishwa bila kuiona. Wachezaji wa bao la Kiswahili wote huanza na mpangilio mmoja wa kete juu ya mashimo 32, wengine huicheza namua, yaani hatua ya kwanza ya kuingiza kete, kwa mbinu zilezile walizorithi kwa wazee wao, na sijasikia mtu akiambiwa arudishe ushindi kwa kuwa hakuibuni mbinu yake.

Badala ya marufuku, ninapendekeza kila mshiriki aje na deki mbili zisizochangia karata hata moja, na orodha zote zibandikwe ukutani kabla ya mechi ya kwanza. Mpinzani akishazijua karata zako, kinachobaki ni uchezaji.

MCHANGIAJI (Pasua, Moshi)

Kaka mtoa mada, hesabu zako sina ugomvi nazo. Ila umelijibu swali ambalo sisi tunaolipigia debe pendekezo hatukuliuliza. Hatukusema kwamba anayenakili hana akili. Tulichosema ni kwamba mashindano haya yalianzishwa ili kuwavuta vijana wapya, na kijana mpya anayekutana na deki ileile kila anapobadilisha meza huondoka akiamini kwamba kuna deki moja tu inayoruhusiwa kushinda, na kwamba yeye hana uwezo wa kuipata. Hapo hutamwona tena, hata umweleze asilimia zako namna gani.

Suala la kuipata ndilo zito. Deki zinazotajwa kuwa kali mara nyingi zina karata mpya, na karata mpya humfikia mapema mwenye kulipa au mwenye kucheza kila siku bila kukosa. Katika Hearthstone, mchezo mwingine wa karata ambao Ben Brode aliuongoza kabla ya kwenda kuanzisha Second Dinner, angalau kuna njia ya kuvunja karata usizozitaka ukapata vumbi la kutengenezea unayoitaka. Na hata huko njia ni chungu, kwa kuwa karata ya daraja la juu hutengenezwa kwa vumbi 1600 na ukiivunja ya daraja hilohilo unarudishiwa 400 tu, yaani unatoa nne ili upate moja. Sasa wewe unamtaka mtu wa namna hiyo aje na karata 24 zisizojirudia! Aliyecheza tangu 2022 atazitoa mfukoni bila kufikiri. Aliyeanza mwezi uliopita, deki yake ya pili itakuwa mabaki ya ile ya kwanza, na hapo utakuwa umempa adhabu mara mbili mtu uliyekusudia kumlinda.

Pendekezo langu ni jepesi kulisimamia kuliko la marufuku na kuliko la kwako. Karata za mchezo huu hutolewa kwa makundi. Tutumie za kundi la kwanza na la pili peke yake, ambazo kila anayecheza kwa muda huzipata zote bila kutoa shilingi. Ka-Zar yumo, Killmonger yumo, Armor yumo, kwa hiyo mfano wako wote unabaki. Orodha nyingi za intaneti zitakuwa hazifai kitu, kwa sababu zinategemea karata ambazo hazitaruhusiwa, na mtu atalazimika kukaa chini ajenge. Utakuwa umepunguza kunakili bila kumpekua mtu yeyote.

MCHANGIAJI (Njiro, Arusha)

Ninaomba niongeze jambo moja tu. Kwa nini mshiriki asiulizwe, kabla ya kuanza, aeleze sababu ya kila karata kuwemo katika deki yake? Aliyenakili bila kuelewa atajulikana palepale, na aliyenakili kwa kuelewa ataachwa aendelee. Na tafadhali, orodha zisibandikwe ukutani. Nusu ya raha ya mchezo huu ni kutokujua mwenzako ameficha nini, na karata ya ghafla katika zamu ya sita ndiyo inayowafanya watazamaji wasimame.

MTOA MADA

Dada wa Njiro, mahojiano siyakubali. Kuna watu wanaocheza vizuri mno ambao ukiwaambia waeleze watakuambia tu kwamba karata ile "inakaa vizuri", na wako waongeaji hodari ambao wataipamba deki ambayo hawajaicheza hata mara moja. Msimamizi atapima ufasaha, na mshiriki mwenye haya ataenguliwa kwa sababu ya haya yake. Kuhusu orodha za ukutani, nakuelewa, lakini raha hiyo humnufaisha zaidi mwenye marafiki wengi ukumbini, kwa kuwa mchana hautafika kabla hajanong'onezewa deki za wenzake wote, na mgeni aliyeteremka peke yake kutoka Moshi hana wa kumnong'oneza.

Ndugu wa Pasua, hoja yako ya karata 24 ni nzito, na iwapo kanuni ya deki mbili itamzuia kijana mpya asije, basi nitaiacha iende. Lakini nina shaka na makundi mawili ya mwanzo ya karata peke yake. Karata zikipungua, njia za kushinda nazo zinapungua, na ninachohofia ni kwamba baada ya mashindano mawili tutakuwa tumeipata deki yetu wenyewe inayonakiliwa na kila mtu, safari hii ikitoka Kijenge au Majengo badala ya intaneti. Pia wapo walioukusanya mchezo huu kwa miaka, wengine bila kulipa chochote, na kuwaambia karata zao hazina kazi siku ya mashindano ni kuwavunja moyo kwa kosa lisilo lao.

Kwa hiyo ninauliza hivi, na ningependa waandaaji wasome: je, haiwezekani hatua ya makundi ya wachezaji, ambayo kila mtu hushiriki, ichezwe kwa karata za kundi la kwanza na la pili kama unavyotaka, kisha nane waliobaki waruhusiwe karata zozote walizo nazo, orodha zikiwa wazi? Kijana mpya atacheza mechi zake zote za mwanzo kwa usawa, na akifika nane bora atakuwa amekwisha kuonyesha kwamba anajua kujitoa na kupandisha dau, hata kama deki yake itakuwa na upungufu. Tatizo ninaloliona ni moja: anayefika nane bora bila karata za juu atakuwa amebakiwa na muda mfupi wa kuirekebisha deki yake kabla ya kukutana na zile zilizokamilika. Labda wewe unayewafahamu vijana wa Moshi kuliko mimi utuambie kama nusu saa ya mapumziko inawatosha.

MCHANGIAJI (Pasua, Moshi)

Nusu saa haitoshi. Hatua ya makundi ichezwe Jumamosi, nane bora Jumapili mchana, na orodha za nane hao zitolewe Jumamosi jioni ili kila mmoja alale nazo. Kwa sharti hilo ninaliunga mkono.